Mtu wa hesabu anawezaje kuchunguza gamba la kuona bila kuugusa ubongo?

Mwalimu_Kazeh, Tabora

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari hapa Tabora, na ninaomba msaada wa mtu aliyesomea mambo ya ubongo kwa undani. Maswali yangu ni mawili, nayo yanagusana.

La kwanza linamhusu mtoto wa jirani yangu mwenye umri wa miaka minane. Alizaliwa na mtoto wa jicho katika jicho la kushoto, na hakuna aliyelitambua hilo hadi alipoanza shule. Amekwisha kufanyiwa upasuaji, lenzi iliyokuwa na ukungu ikatolewa na ya bandia ikawekwa, miwani anavaa, na wazazi wameelezwa kwamba jicho lenyewe sasa ni zima. Hata hivyo, akifunikwa jicho la kulia anasoma kwa taabu kubwa. Nilimjaribu kwa chaki: nikiandika tarakimu moja peke yake katikati ya ubao anaitaja mara moja, nikiiandika tarakimu ileile, kwa ukubwa uleule, ikiwa imebanwa na nyingine nne, anababaika na kusema zinaingiliana. Ikiwa jicho ni zima, kasoro iko wapi?

La pili limetokana na la kwanza. Katika kutafuta jibu nilikutana na jina la Kenneth D. Miller wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichunguza jinsi seli za gamba la kuona, yaani sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kichwa inayopokea ishara za macho, zinavyounganishwa na jinsi miunganisho hiyo inavyobadilika, lakini zana zake ni milinganyo na kompyuta. Nina mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), hodari sana wa hesabu, ambaye ameniuliza kama mtu wa aina yake anaweza kuutafiti ubongo. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Je, milinganyo inaweza kutuonyesha jambo ambalo darubini na sindano za kurekodi ishara haziwezi kulionyesha zenyewe? Naomba mjibuji anionyeshe hesabu yenyewe, asiishie kunihakikishia tu kwamba ipo.

Binti_Ujiji

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, na kwa sasa ninasomea shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva upande huohuo wa nadharia. Nitaanza na mtoto, kwa sababu habari yake ndiyo iliyoizaa nadharia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 David Hubel na Torsten Wiesel walianza kurekodi ishara za seli moja moja katika gamba la kuona la paka, kwanza wakiwa Johns Hopkins na baadaye Harvard. Waliona kwamba seli nyingi za hapo hazishtushwi na mwanga wa jumla, bali huitikia mstari au ukingo wenye mwelekeo fulani, na kwamba nyingi hupokea ishara za macho yote mawili. Mwaka 1963 walitoa matokeo mazito zaidi. Walikuwa wameshona kope za jicho moja la paka mchanga, na walipozifungua baada ya wiki kadhaa, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa inafanya kazi, lakini karibu seli zote za gamba zilikuwa zimeacha kuliitikia jicho lile. Paka mzima akifungwa jicho hata kwa muda mrefu, hapatwi na badiliko la namna hiyo. Kipo, basi, kipindi nyeti: kwa paka hufika kilele karibu na wiki ya nne na ya tano, kisha hufifia kadiri anavyokaribia na kupita mwezi wa tatu, kwa binadamu huendelea kwa miaka kadhaa ya utoto. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1981, pamoja na Roger Sperry. Kwa hiyo kasoro ya mtoto wa jirani yako, Mwalimu, kwa sehemu kubwa haiko tena kwenye jicho. Iko nyuma ya kichwa, ambako seli zilizostahili kulisikiliza jicho la kushoto zilijifunza kulisikiliza la kulia.

Sasa tazama jambo lililowashangaza wenyewe. Ukidhani kwamba sinapsi, yaani viungo ambavyo seli za neva hupashana ishara, zilidhoofika kwa kukosa kazi tu, ungetarajia kwamba kufunga macho yote mawili kungeleta madhara maradufu. Mwaka 1965 walionyesha kwamba sivyo: paka aliyefungwa macho yote bado alikuwa na seli nyingi zilizoitikia jicho hili na lile. Jicho haliangamizwi na giza lake peke yake. Huangamizwa hasa na mwenzake anayeona. Haya ni mashindano, na mashindano yana kanuni zinazoweza kuandikwa kwa hesabu.

Chukua seli moja ya gamba inayopokea nyuzi za macho mawili. Nguvu ya sinapsi za jicho la kulia tuiite K, za kushoto tuiite S, na jumla yake iwe 1. Tuseme mwanzoni K ni 0.51 na S ni 0.49, yaani tofauti ni 0.02 tu. Kiasi ambacho ishara za macho mawili hufanana tukiite c. Macho yakitazama kitu kimoja kwa pamoja, c hukaribia 1. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alipendekeza kwamba sinapsi huimarika pale seli inayotuma na seli inayopokea zinapofanya kazi pamoja. Ukiiandika kanuni hiyo kwa wastani, katika kila hatua K huongezeka kwa a(K + cS), na S kwa a(S + cK), ambapo a ni kasi ya kujifunza. Ukiiacha hivyo pande zote mbili hukua bila mwisho na hakuna anayeshindwa, jambo ambalo halifanani kabisa na paka wa Hubel na Wiesel.

Linahitajika sharti la kuibakiza jumla kwenye 1, na hapa ndipo nadharia inapotoa mchango ambao darubini haingetoa. Sharti hilo unaweza kuliweka kwa njia mbili zinazoonekana kama ndugu. Unaweza kuzitoa pande zote kiasi kilekile, yaani wastani wa ongezeko lao. Au unaweza kuzigawa zote kwa jumla mpya. Fanya hesabu, Mwalimu, uone. Ukitoa, tofauti kati ya K na S huzidishwa kwa 1 + a(1 − c) kila hatua. Kwa a = 0.2 na c = 0.5 kizidisho ni 1.1, hivyo 0.02 huwa 0.022, kisha 0.0242, na ifikapo hatua ya 42 imevuka 1: jicho la kulia limeitwaa seli nzima kwa sababu ya ubora wa mwanzo usiofikia hata sehemu ya ishirini. Ukigawa, tofauti ileile huzidishwa kwa 1.1 na kugawanywa kwa 1.3, ikishuka hadi karibu 0.017 katika hatua ya kwanza na kuendelea kufifia hadi macho yagawane sawasawa. Kanuni ya kujifunza ni moja, ila matokeo yanapingana. Jambo hili lilichambuliwa kwa ukamilifu na Miller pamoja na David MacKay mwaka 1994.

Kwa njia ya kutoa, kufunga jicho moja kunaeleweka mara moja: ongezeko la jicho lililofungwa liko chini ya wastani, kwa hiyo linatolewa zaidi ya linachopata hadi linafika sifuri. Ukifunga yote mawili, hakuna aliye juu sana ya wastani wala chini sana, na mashindano hayana mshindi wa haraka. Kengeza nayo imo humo. Hubel na Wiesel walipowafanya paka wachanga wawe na kengeza, kila jicho likawa linaona vizuri lakini halioni kile anachoona mwenzake, na seli zikajigawa, hizi za kulia na zile za kushoto. Katika mlinganyo umepunguza c tu. Ukiifanya 0, kizidisho kinakuwa 1.2 na ushindi unapatikana katika hatua ya 22 badala ya 42.

Ukitoka kwenye seli moja ukaweka tabaka zima la seli, ambamo majirani wa karibu huvutana kufanana, huzuka mistari: ukanda wa jicho la kulia, ukanda wa kushoto, kwa zamu. Katika paka na nyani aina ya macaque kanda hizo zina upana wa karibu nusu milimita. Modeli ya namna hiyo ilichapishwa mwaka 1989 na Miller akiwa na mwanahisabati Joseph Keller wa Stanford na Michael Stryker wa San Francisco, ambaye ni mtu wa maabara, nayo ilionyesha kwamba upana wa kanda huamuliwa hasa na umbali ambao seli za gamba huathiriana. Mwambie mwanafunzi wako aone jinsi majina hayo matatu yalivyokaa pamoja. Mwananadharia hagusi ubongo kwa mkono wake, lakini haketi mbali na anayeugusa.

Mpekuzi_Katubuka, Kigoma

Nimeisoma hesabu ya dada Binti_Ujiji kwa penseli mkononi na sina ugomvi nayo. Nina wasiwasi na kitu kingine, na ninausema kwa sababu vijana wetu wasidhani kwamba modeli ikitoa mistari basi imethibitika. Mwaka 1999 Justin Crowley na Lawrence Katz waliwaondoa fereti wachanga (wanyama wadogo wa jamii ya vicheche) macho yao mapema kabisa, na bado wakakuta nyuzi zimejipanga kwa mafungu katika gamba la kuona. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba mafungu hayo hutokea mapema kuliko ilivyodhaniwa. Nyani macaque nao huzaliwa wakiwa na kanda tayari, kabla hawajaona hata kivuli. Ikiwa kanda zipo bila macho na bila mwanga, haya mashindano ya macho mawili yameeleza nini hasa?

Pia, mtu akiruhusiwa kuchagua kutoa au kugawa, bila shaka atachagua kile kinachompa jibu alilokwisha kulijua. Ningependa kuona modeli iliyotabiri jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kisha likapimwa.

Binti_Ujiji

Ndugu Mpekuzi, swali lako la kwanza ni zito na lilitikisa wengi. Modeli haikudai mwanga; ilidai shughuli za seli zinazofanana kwa majirani wa jicho moja na kutofautiana kwa jicho jingine. Shughuli hizo zipo kabla ya kuona. Mwaka 1991 kundi lililomjumuisha Carla Shatz lilirekodi mawimbi ya ishara yanayosambaa katika retina za wanyama ambao macho yao hayajaanza kuona, na Stryker na William Harris walikuwa wameonyesha mwaka 1986 kwamba ukinyamazisha ishara za macho yote mawili ya paka mchanga kwa sumu ya tetrodotoksini, kanda hazijitengi. Lakini fereti wasio na macho kabisa hawaelezeki kwa mawimbi ya retina, na ninakubali kwamba upangaji wa mwanzo kabisa huenda unategemea pia alama za kikemikali, au ishara zinazozuka ndani ya thalamasi yenyewe, yaani kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha ishara za macho kwenda kwenye gamba. Mjadala huo ni wa namna kanda zinavyoanza. Mtoto mwenye mtoto wa jicho yuko kwenye hatua ya baadaye, ambapo miunganisho iliyokwisha kuwapo inabadilishwa na anachokiona, na hapo ushahidi wa mashindano haujatikiswa.

Kuhusu utabiri usiotarajiwa, nakuletea mmoja ambao nilipoukokotoa mara ya kwanza sikulala mapema. Gamba la ubongo lina seli za kuchochea, takribani nne kwa kila tano, na zilizobaki ni za kuzuia. Seli za kuchochea huchocheana zenyewe kwa zenyewe. Je, uchocheano huo ni mkali kiasi kwamba bila kuzuiwa ungelipuka? Huwezi kulijua hilo kwa kuhesabu sinapsi kwenye darubini. Fanya hivi: shughuli ya seli za kuchochea iwe E = 2E − 2Z + 10, na ya seli za kuzuia iwe Z = 2E − Z + 4. Jibu ni E = 6 na Z = 8. Sasa waongezee seli za kuzuia msukumo kutoka nje, ile 4 iwe 5. Mtu yeyote angesema Z itapanda. Kokotoa: E inashuka hadi 5, na Z inashuka hadi 7.5. Umezisukuma seli za kuzuia mbele nazo zimerudi nyuma, kwa sababu zimepunguza uchochezi uliokuwa unazilisha kwa kiasi kikubwa kuliko msukumo ulioziongezea. Hilo hutokea pale tu kizidisho cha uchocheano, hapa 2, kinapozidi 1, yaani pale mfumo unaposimama kwa sababu umeshikwa na vizuizi.

Misha Tsodyks na wenzake waliueleza utabiri huo mwaka 1997. Mwaka 2009 kundi la Hirofumi Ozeki, ambamo Miller na David Ferster walikuwamo, lilirekodi ndani ya seli za gamba la kuona la paka wakati picha inapotanuliwa kupita eneo ambalo seli hulitazama. Inajulikana kwamba mwitikio wa seli hupungua picha ikitanuka hivyo. Wengi walidhani hupungua kwa sababu kizuizi kimeongezeka. Walichokipima ni kwamba uchochezi na kizuizi hupungua vyote viwili, kama hesabu inavyotaka. Kutokana na hapo Miller na wenzake, kwa makala za mwaka 2013 na 2015, wamejenga modeli ambamo mwitikio wa seli hupanda kwa kipeo cha msukumo inaoupata. Msukumo ukiwa hafifu, ishara mbili kwa pamoja huleta zaidi ya jumla yake. Ukiwa mkali, vizuizi hushika na huleta pungufu ya jumla. Mzunguko mmoja unatoa tabia zote mbili bila kubadilishwa popote.

Na mizania hii haiko mbali na kipindi nyeti. Mwaka 1998 Takao Hensch na wenzake walionyesha kwamba panya waliokosa kimeng'enya kimojawapo cha kutengeneza GABA, kemikali kuu ya kuzuia, hawabadiliki wakifungwa jicho moja, na kwamba wakipewa diazepamu, inayoongeza nguvu ya vizuizi, mabadiliko yanatokea. Kipindi nyeti hufunguliwa na kukomaa kwa seli za kuzuia. (Tafadhali asitokee mzazi wa kumpa mtoto dawa hiyo kwa kusoma hapa, ni matokeo ya panya maalumu wa maabara.)

Muuguzi_Gungu, Kigoma

Nawasalimu wote. Mimi nahudumu katika kliniki ya macho hapa Kigoma, na ninaomba nimrudie mtoto wa Tabora kabla hajafunikwa na milinganyo, ingawa nimeifuata kwa furaha.

Mwalimu, jaribio lako la chaki ni kipimo halisi. Jicho lililodhoofishwa tangu utotoni mara nyingi hutambua herufi ikiwa peke yake na kushindwa herufi hiyohiyo ikisongwa na majirani; ndiyo maana tunapowapima watoto hawa tunatumia mstari mzima wa herufi, au herufi yenye mistari ya kuibana kandokando, maana kipimo cha herufi moja moja kinaweza kutudanganya kwamba wamepona.

Miaka minane si mwisho wa safari. Utafiti wa madaktari wa macho wa watoto nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, uliwahusisha watoto 507 wa miaka 7 hadi 17 wenye jicho dhaifu. Kwa wale wa miaka 7 hadi 12, asilimia 53 ya waliopata miwani pamoja na kufunikwa jicho zima na kutiwa matone ya atropini, yanayolitia ukungu jicho hilo, walipata nafuu ya kuonekana, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliopewa miwani peke yake. Wengi wa watoto hao walikuwa na kengeza au tofauti ya miwani kati ya jicho na jicho, na jicho lililozibwa na ukungu tangu kuzaliwa huwa gumu zaidi, kwa hiyo sitaki kuwapa wazazi matumaini ya uongo. Lakini warudi kliniki, waulize wazi kuhusu kufunika jicho la kulia, kwa saa ngapi na kwa miezi mingapi. Wasijifunikie wenyewe nyumbani bila mpango, kwa kuwa jicho zima likifunikwa kupita kiasi nalo huweza kudhoofika.

Kwa wenye watoto wachanga nasema hivi. Mtoto wa jicho mzito wa upande mmoja anatakiwa kuondolewa ndani ya takribani wiki sita za kwanza za maisha ili jicho lipate nafasi nzuri ya kuona, na baada ya upasuaji kazi ya miwani na kufunika ndiyo inaanza. Mtazameni mtoto mboni zake penye mwanga. Mkimpiga picha kwa simu yenye flashi, jicho moja likang'aa jekundu na jingine likawa na weupe, msimsubiri akue na msitie dawa za majani. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho na unaweza pia kuwa saratani ya retina, na yote mawili yanataka daktari wiki hiyohiyo.

Mwalimu_Kazeh, Tabora

Nawashukuru sana. Wazazi wa mtoto nimewasomea maelezo ya dada Muuguzi neno kwa neno, na wamekubali kurudi kliniki wakiwa na swali la kufunika jicho. Mwanafunzi wangu naye ameingiza mlinganyo wa K na S katika programu ya jedwali kwenye kompyuta ya shule. Kwa c = 0.9 amepata kwamba tofauti inavuka 1 katika hatua ya 198, na kwa c = 1 inabaki 0.02 daima. Je, yuko sahihi?

Binti_Ujiji

Yuko sahihi kote kuwili. Amwekee S kikomo cha sifuri na K kikomo cha 1, kwa sababu sinapsi ya kuchochea haigeuki kuwa hasi, kisha asimamishe hesabu hapo. Akimaliza, apange seli 100 katika duara, kila moja ianze na tofauti ndogo ya kubahatisha, na katika kila hatua mwitikio wa seli uongezwe na majirani wake watatu wa kila upande na upunguzwe na wa mbali kidogo. Apime upana wa mafungu yatakayojitokeza, kisha abadilishe idadi ya majirani hao na kupima tena. Akikwama aniandikie hapahapa.